Nyirarumaga, mama wa kupanga aliyeitunzia Rwanda kumbukumbu

Barabara ya Kigali ikishapita Mahoko na Nyundo huteremka hadi Rugerero, kisha Gisenyi, kisha ziwa Kivu. Abiria wengi wakifika Rugerero huwa wanashughulika na mizigo yao, na si ajabu. Ila ukanda huu wa magharibi, Bugoyi pamoja na jirani yake Cyingogo na kisiwa cha Ijwi kilicho ziwani, ndiko kilikoanzia kisa kilichoipa Rwanda mshairi wake mkuu wa kike.

Mapokeo yanasema hivi. Mfalme Ndahiro Cyamatare aliuawa huko Cyingogo katika vita na Nsibura, mtawala wa upande wa Ijwi. Ngoma ya ufalme, Rwoga, ikatekwa. Nyabacuzi, mke wa Ndahiro na mama wa mrithi, akauawa katika mkasa huohuo. Mrithi mwenyewe, Ndoli, alikuwa amekwisha kupelekwa Karagwe, ambayo leo iko Tanzania, kwa shangazi yake Nyabunyana aliyeolewa na mfalme wa huko. Kwa miaka kadhaa Rwanda ikakaa bila mfalme na bila ngoma.

Ndoli aliporudi na kutawazwa kwa jina la Ruganzu, ngoma mpya ikawekwa: Karinga. Likabaki tatizo la mama. Katika desturi ya ufalme ule mfalme hakutawala peke yake. Alitawala na umugabekazi, mama yake, na mama hakuweza kukosekana hata kama amefariki. Akachaguliwa Nyirarumaga, mwanamke wa ukoo wa Abasinga, awe mama wa kupanga. Hakumzaa mfalme. Naona hapo ndipo penye siri ya kazi yake: aliyeingia katika nyumba ya watu ndiye aliyeona jinsi habari za nyumba hiyo zilivyokuwa zimekatika.

Padre Alexis Kagame, mwanahistoria aliyekusanya mashairi ya kifalme kuliko mtu mwingine yeyote, anaeleza kwamba kabla ya Nyirarumaga wafalme walitungiwa vipande vifupi vilivyoitwa ibinyeto. Nyirarumaga alivikusanya vipande hivyo akavifanya msingi wa utenzi mrefu wa namna mpya: igisigo. Anahesabiwa kuwa mtunzi wa *Umunsi ameza imiryango yose*, ambamo wafalme wanafuatana mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ubeti wake, huku kiitikio kikiwaunganisha. Namna hiyo ya utunzi huitwa impakanizi.

Mtu asidhani ni orodha tu ya majina. Msizi, yaani mtunzi wa ibisigo, aghalabu halitaji jina waziwazi. Huliruka, akaweka neno lenye maana ya karibu, au la sauti ya karibu, au kitu kinachoambatana nalo. Mfalme anayeitwa Ndahiro, kwa mfano, anaweza kupatikana ndani ya mafumbo ya kiapo. Msikilizaji asiyejua historia hapati kitu. Anayeijua anafurahi kwa kila fumbo analolifungua. Na kwa kuwa ukibadilisha neno fumbo linavunjika, ilibidi utenzi ukaririwe neno kwa neno. Hadithi za kawaida, ibitekerezo, kila msimulizi alikuwa huru kuzipamba apendavyo.

Nyirarumaga hakuishia kwenye utunzi. Kagame anamhesabu pia kuwa mwanzilishi wa Intebe y'Abasizi, baraza la watunzi wa ikulu. Familia za wasizi zilitakiwa kuwa na mtu ikulu anayezijua tenzi za jamaa zake kwa moyo, nazo zilisamehewa baadhi ya kazi walizotozwa raia wengine. Kwa lugha ya leo tungesema aliunda ofisi ya nyaraka na kuipangia watumishi.

Lini hasa? Kagame aliuweka utawala wa Ruganzu kati ya 1510 na 1543. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliusogeza hadi karne ya 17. Mabishano hayo hayajamwondoa Nyirarumaga mahali pake katika simulizi za Wanyarwanda.

Kagame alipoanza kuziandika tenzi hizo, kwa ruhusa ya mfalme Mutara Rudahigwa, wakariri wake walikuwa wazee. Mwaka 1951 alitoa Brussels orodha ya tenzi 176.

Lazima niseme jambo moja ambalo wasifu wa Nyirarumaga huliruka. Kumbukumbu aliyoijenga ilikuwa ya wenye ngoma. Bugoyi ilikuwa mpakani, ikulu ilikuwa mbali, na kwa muda mrefu wakuu wa koo ndio walioamua mambo ya vilima vyao. Wagoyi walikuwa wachuuzi: walivuka kwenda upande ambao leo ni Kongo, wakarudi na butega, vikuku vya nyuzi vilivyofumwa na Watembo, vikauzwa ndani ya Rwanda. Ibisigo havikutungwa kwa ajili ya watu hao. Padre Albert Pagès, mmisionari aliyeishi kwenye pwani hii ya Kivu, aliandika sehemu ya habari zao katika kitabu chake cha mwaka 1933. Nyingine ziliachwa majumbani, zikategemea bibi anayesimulia na mjukuu mwenye subira ya kusikiliza.