Rangi Bapa na Mfifio: Toni katika Uchoraji wa Mandhari ya Kiklasiki

Katika uchoraji wa mandhari uliostawi Italia na Ufaransa tangu karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 19, ambao huitwa wa kiklasiki kwa sababu ulichukua visa, majengo na mizani yake kutoka Ugiriki na Roma ya kale, mchoraji alikuwa na njia mbili za kushughulikia toni, yaani kiasi cha mwanga au giza kilichomo katika rangi. Njia ya kwanza ni rangi bapa, ambayo hupakwa sawasawa ndani ya mipaka yake, isizidi kukolea wala kufifia, hata ukuta wa nyumba ukaonekana kuwa pande moja la kijivu na mlima kuwa pande moja la buluu. Njia ya pili ni mfifio, yaani mpito wa toni unaokwenda polepole kutoka gizani hadi kwenye mwanga, kiasi kwamba jicho haliwezi kuonyesha mahali ambapo toni moja imekoma na nyingine imeanza. Historia ya njia hizi mbili imezoeleka kusimuliwa kama safari ya kutoka ujingani kwenda kwenye ujuzi, wazee wakipaka bapa kwa kutojua na vizazi vilivyofuata vikigundua mfifio, lakini kazi zenyewe, zikitazamwa kwa makini, haziungi mkono masimulizi hayo.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni asili ya rangi yenyewe. Cennino Cennini, mchoraji wa Toscana aliyeandika kitabu cha mafunzo ya ufundi wake karibu na mwaka 1400, alikuwa akifanya kazi kwa rangi zilizochanganywa na kiini cha yai, ambazo hukauka upesi mno hata brashi haipati nafasi ya kurudi na kulainisha mpaka kati ya toni mbili. Kwa sababu hiyo alimfundisha mwanagenzi kutayarisha vibakuli vitatu vya rangi ileile, kimoja cha giza, kimoja cha wastani na kimoja cha mwanga, na kuzipanga toni hizo tatu kwa utaratibu juu ya nguo ya mtu aliyechorwa. Kuhusu milima alitoa maagizo mawili yanayostahili kukumbukwa: kwamba mchoraji achukue mawe makubwa yenye ncha na kuyanakili kama milima, na kwamba kadiri mlima unavyokusudiwa kuonekana mbali ndivyo rangi yake izidi kuwa ya giza. Agizo hili la pili ni kinyume kabisa cha yale yaliyokuja kufundishwa miaka mia moja baadaye, nalo linathibitisha kwamba tatizo la umbali lilijulikana na kufikiriwa, ingawa jibu lake lilikuwa tofauti.

Rangi za mafuta, ambazo mafundi wa Flanders walizifikisha katika ubora mkubwa katika karne ya 15, hukaa mbichi kwa siku kadhaa, na hivyo zilifungua mlango wa mfifio. Hata hivyo wachoraji hawakuingia wote kwa haraka. Joachim Patinir wa Antwerp, aliyefariki mwaka 1524, na ambaye Albrecht Dürer alimtaja katika kumbukumbu za safari yake ya mwaka 1521 kuwa mchoraji mzuri wa mandhari, aliigawa nchi yake ya kubuni katika kanda tatu: kahawia mbele, kijani katikati, na buluu huko mbali. Ndani ya kila ukanda kuna mawe, vijiji na mito iliyochorwa kwa uangalifu wa ajabu, lakini hisia ya umbali inaletwa hasa na kuruka kutoka ukanda mmoja hadi mwingine. Patinir alikuwa na mafuta, alikuwa na muda wa kulainisha, na bado aliitegemea hatua ya wazi kati ya rangi na rangi, kwa kuwa hatua hiyo ilimfanyia kazi aliyoitaka.

Leonardo da Vinci, aliyefariki mwaka 1519, ndiye aliyeipa hoja ya upande wa pili msingi wa kinadharia. Alieleza kwamba hewa iliyoko kati ya jicho na kitu ina rangi yake, na kwamba kadiri hewa hiyo inavyozidi ndivyo kitu kinavyozidi kuwa cha buluu na kupoteza ukali wa kingo zake, hata akashauri kwamba jengo lililo mbali mara tano zaidi lipakwe buluu mara tano zaidi. Kanuni hii, inayoitwa perspektivu ya hewa, ilikuja kupata maelezo ya kisayansi katika karne ya 19, Lord Rayleigh alipoonyesha kwamba hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwanga mwekundu. Maandishi ya Leonardo kuhusu uchoraji hayakuchapishwa hadi mwaka 1651, mjini Paris, na michoro ya miili ya watu iliyotumiwa katika chapa hiyo ilitokana na mkono wa Nicolas Poussin, mmoja wa wachoraji wawili Wafaransa walioijenga mandhari ya kiklasiki wakiwa Roma.

Mwenzake Poussin alikuwa Claude Gellée, mzaliwa wa Lorraine, ambaye kwa jina la nchi yake anajulikana kama Claude Lorrain na ambaye alifariki Roma mwaka 1682. Joachim von Sandrart, mchoraji Mjerumani aliyemfahamu, ameandika kwamba Claude alikuwa akitoka kwenda mashambani kabla ya alfajiri na kukaa huko hadi usiku ili ajifunze kuonyesha wekundu wa mapambazuko na wa machweo, akichanganya rangi zake papo hapo mpaka zilingane na alichokiona, kisha akirudi nazo nyumbani na kuzitia katika kazi aliyoianza. Taarifa hii inaeleza kiini cha umahiri wake, kwa maana mfifio wa anga si suala la kulainisha brashi tu. Ni suala la kujua toni ngapi zimo kati ya dhahabu iliyo karibu na upeo wa macho na buluu iliyo juu, na kwa mpangilio gani zinafuatana.

Mfano ulio bora ni picha yake ya bandari inayomwonyesha Malkia wa Sheba akiingia safarini, iliyokamilika mwaka 1648 na ambayo sasa imo katika Jumba la Taifa la Sanaa, London. Jua lenyewe limewekwa ndani ya picha, chini juu ya bahari, jambo ambalo wachoraji wachache waliwahi kulithubutu kabla ya Claude, na kutoka hapo mwanga unaenea angani na kushuka majini kwa mpito usio na mshono. Lakini mtazamaji asiishie hapo. Nguzo kuukuu zilizo upande wa kushoto zimesimama dhidi ya mwanga huo kama kivuli kizito, karibu zote katika toni moja. Jumba lililo upande wa kulia limejengwa kwa pande chache za toni zenye mipaka dhahiri. Na kila safu ya meli na majengo imewekwa nyuma ya nyingine kama mapazia ya jukwaa la maigizo. Kingo hizo zikiondolewa, anga lote lililofanyiwa kazi kwa uvumilivu mwingi lingegeuka kuwa ukungu usio na kina, kwani jicho hupima mfifio kwa kuulinganisha na kitu kisichofifia. Claude, anayesifiwa kama bingwa wa mfifio, ni bingwa wa rangi bapa vilevile, na sifa hii ya pili ndiyo ambayo waigaji wake wengi hawakuiona.

Kwa Poussin ugawaji huo wa kazi uko wazi zaidi. Katika mwaka uleule wa 1648 alichora mandhari yenye maiti ya Phocion, jemadari wa Athene aliyeuawa kwa hukumu isiyo ya haki na kunyimwa maziko mjini, ikichukuliwa na watu wawili. Nyuma yao nchi inapanda hatua kwa hatua hadi kwenye mji, na kila jengo la mji huo, hata lililo mbali, lina uso mmoja wa mwanga na uso mmoja wa kivuli vilivyokatwa kwa unyoofu. Hewa ipo, lakini haikuruhusiwa kuyeyusha umbo, na pengine uimara huo wa mawe ndio unaoifanya dhuluma aliyotendewa marehemu ionekane baridi kuliko ambavyo machweo yoyote yangeweza kuifanya.

Karne ya 18 iliwarithi mabwana hawa wawili huku tayari picha zao zikiwa zimeanza kubadilika. Vanishi, yaani utomvu unaopakwa juu ya picha kuilinda, hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na buluu ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa kusaga kioo cha kobalti hupauka na kuwa kijivu, hivyo kwamba tofauti kati ya toni na toni ilififishwa na muda, nayo rangi ya asali ikaenea pote. Wapenzi wa sanaa wa Uingereza waliipenda rangi hiyo wakidhani ni ya Claude, hata watalii wakabeba vioo vidogo vilivyobinuka na kutiwa giza, vilivyopewa jina la mchoraji huyo, ili kuitazama nchi ikiwa imepunguzwa toni zake na kuunganishwa. Jumba la London liliposafisha picha kadhaa mwaka 1852, ikiwemo ile ya Malkia wa Sheba, malalamiko yalifika hadi kwenye kamati ya Bunge mwaka 1853. Wengi wa waliolalamika walikuwa wakiutetea uchafu, ingawa haki iwatendewe: hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuziona picha hizo zikiwa mpya.

Nchini Ufaransa hoja ilichukua sura ya kitaasisi. Pierre-Henri de Valenciennes, katika kitabu chake kuhusu perspektivu kilichotoka mwaka 1800, aliwahimiza wanafunzi kuchora nje kwa mafuta, kwa haraka, wakiushika mwanga kabla haujahama, na michoro yake ya Roma iliyopakwa kwenye karatasi inaonyesha paa, kuta na mawingu yakiwa mapande machache ya toni zilizopimwa barabara. Hata hivyo michoro hiyo ilihesabiwa kuwa matayarisho tu, na kwa ajili ya maonyesho rasmi ilitakiwa picha iliyokamilishwa, yenye mipito iliyolainishwa na miti iliyopangwa. Tuzo maalumu ya mandhari ya kihistoria, ambayo mshindi wake alipelekwa kusoma Roma, ilianzishwa mwaka 1816 na kukidumisha kipimo hicho hadi ilipofutwa mwaka 1863.

Gharama ya kipimo hicho inaonekana katika kazi mbili za Camille Corot, aliyepitia mikononi mwa Achille Michallon, mshindi wa kwanza wa tuzo hiyo. Mwaka 1826 Corot alichora magofu ya daraja la Kirumi huko Narni, nje, juu ya karatasi isiyofika nusu mita kwa upana, na ndani yake maji, ukingo wa mto na milima ni mapande ya rangi yaliyowekwa mara moja na kuachwa. Kisha alitengeneza toleo lenye takriban vipimo maradufu kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1827, akaongeza misonobari, mbuzi na njia, na akalainisha kila mpito kama Claude alivyofundisha kwa mfano wake. Toleo hilo kubwa, lililoko Ottawa, Kanada, ni kazi safi ya fundi mtiifu. La karatasi, ambalo liliingia Louvre mwaka 1906, ndilo lenye mwanga. Corot mwenyewe hakuwa mbali na hukumu hiyo, kwani katika wasia wake aliiachia Louvre michoro miwili ya mwaka 1826, ya uwanja wa kale wa Roma na ya Koloseo, yote miwili ikiwa imechorwa nje.