Ghushi katika biashara: hukumu ya kuficha aibu ya bidhaa

Ghushi ni kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa. Abu Hurayra (r.a.) amesimulia, katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta umande. Mwenyewe akasema kimenyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu, watu wakione. Hakulaumiwa kwa mvua.

Visiwani kwetu tunayajua haya: karafuu mbichimbichi huchanganywa na kavu, au makonyo hutiwa gunia moja nazo, mizani ipande. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kununua ana khiyari: arudishe mali apewe fedha zake, au aridhike nayo. Aliyekwisha kuuza hivyo, istighfari peke yake haimtoshi. Amtafute mnunuzi amrudishie haki yake.