Miti ya Ukerewe, Tanga la Pwani

Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke, aliyekuwa amemwacha mwenziwe Richard Burton Kaze, karibu na Tabora, akaja kaskazini na msafara mdogo, alisimama juu ya kilima jirani na Mwanza akaona maji yasiyo na ukingo wa ng'ambo, akayatia jina la malkia wake pasipo kuwauliza wenyeji waliokuwa wakiyaita Nyanza tangu zama za mababu. Tarikhi hulisimulia sana jambo hilo la kuona. Ni nadra kusimulia kwamba mtu huyo huyo, baada ya siku chache tu, aligeuka akarudi zake Kaze bila ya kuvuka hata hori moja la ziwa alilolipa jina, kwa kuwa hakuwa na chombo cha kumchukua. Burton alipolikataa neno lake kwamba hapo ndipo chimbuko la Mto Naili, Speke hakuwa na hoja ila macho yake. Hivyo basi, mtu atakaye kuijua historia ya pwani hii ya Nyamagana, Mwanza, na asiishie kilimani, bali ateremke mpaka majini, aulize vyombo vilitoka wapi, vilichongwa kwa miti ya nani, na vilichukua watu gani.

Vyombo vya ziwani siku hizo vilikuwa mitumbwi, nayo haikuwa kitu cha kudharauliwa. Mafundi wa visiwa vya Sesse, ambao sifa zao zilienea ziwa zima, walichonga mkuku katika gogo moja refu, wakainua ubavu kwa mbao zilizolainishwa kwa tezo, kisha wakazishona mbao hizo kwa nyuzi za mimea badala ya kuzipigilia misumari. Mtu wa Lamu aliyepata kusikia habari za mtepe atautambua ujamaa huo mara moja. Chombo kilichoshonwa hunesa kikipigwa na wimbi, hakipasuki upesi. Ila huvuja, na hapakuwa na safari ambayo mtu hakuinama chini ya wapiga kafi akifua maji tangu kutoka hata kufika. Kabaka Mutesa wa Buganda aliweza kukusanya mamia ya mitumbwi ya namna hiyo kwa vita, na Wakerewe nao walikuwa na yao ya uvuvi na biashara. Kilichokosekana ziwani kilikuwa tanga, nalo lilikuwa likija polepole kutoka pwani, katika akili na mikono ya watu waliozoea kusi na kaskazi.

Mwezi wa Februari 1875 Henry Morton Stanley aliwasili Kageye, katika ghuba ambayo leo huitwa kwa jina la Speke, akiwa amejifunza kutokana na upungufu wa mtangulizi wake: alikuja na chombo chake mwenyewe. Mashua hiyo, Lady Alice, ya mti wa mwerezi, urefu wake futi 40, iliundwa Uingereza kwa vipande vitano ili ibebwe mabegani mwa wapagazi tangu Bagamoyo, milima na nyika, mpaka ikaungwa upya ufukoni. Iliteremshwa majini tarehe 8 Machi, ikalizunguka ziwa zima kwa siku 57. Jina lililobaki vitabuni ni la bwana. Lakini makasia yalikuwa mikononi mwa mabaharia Waungwana wa Unguja, akina Wadi Safeni na Uledi, na siku walipofika kisiwa cha Bumbire, wenyeji walipowanyang'anya makasia yao na kukaribia kuwaua, ni hao waliozing'oa mbao za sakafu ya mashua wakazifanya kafi, wakapiga maji mpaka wakaokoka. Stanley alirudi baadaye mwaka huo huo akalipiza kisasi kwa bunduki dhidi ya watu wenye mikuki na kombeo, kitendo kilicholaumiwa hata na wananchi wa kwao.

Lakini mashua moja haichukui msafara. Ilipombidi kuwavusha watu wake wote kwenda Buganda, Stanley alikwenda Ukerewe kumwomba mtemi Lukonge mitumbwi, akapewa, nayo mingi ilikuwa mikuukuu. Katika usiku wa kwanza wa safari, gizani, mitumbwi kadhaa ikaachana mishono, ikajaa maji pamoja na bunduki na shehena zilizokuwamo, na Lady Alice ikawa inakwenda huku na huku ikifuata sauti za waliokuwa wakipiga mayowe. Hapo ndipo mtu aelewapo kwamba katika ziwa hili mwenye miti ndiye mwenye njia, na mwenye miti alikuwa Lukonge.

Huyu Lukonge alikuwa akitawala kisiwa chenye misitu, karibu sana na bara hata mlango wa Rugezi unaokitenga ni mwembamba mno, na hakuwa mtu wa kutoa mali yake bure. Katika miaka hiyo hiyo mfanyabiashara mmoja wa pwani, Songoro, aliyekuwa na makazi Kageye, alikuwa akiunda jahazi huko Ukerewe. Na afikirie msomaji kazi yenyewe: hapana kiwanda, hapana duka la misumari wala kamba, na pembe za ndovu ndizo fedha. Mti wa mkuku lazima utafutwe msituni mpaka upatikane ulionyoka. Mataruma yatafutwe katika matawi yaliyopinda yenyewe kwa tabia ya mti, kwa maana taruma lililokatwa kwa msumeno likakosa mwendo wa nyuzi zake huvunjika. Mbao zipasuliwe, zikaushwe kivulini, zitobolewe kwa keekee, zitiwe kalafati ya pamba. Kisha kusimamishwe mlingoti, na foromali, na tanga. Kila gogo katika hayo lilianguka katika ardhi ya Lukonge, kwa shoka la watu wa Lukonge au kwa idhini yake.

Mwaka 1877 wakaja wamisionari wa Kiingereza wa Church Missionary Society, walioitika barua ambayo Stanley aliitoa Buganda kuwaita walimu. Nao wakaja na mashua yao ya vipande, Daisy, lakini ikawa ndogo kwa haja zao, wakanunua jahazi la Songoro. Ndipo fitina ilipozuka: Lukonge akashikilia kwamba haki yake katika chombo kile haijatimizwa, Songoro, akiandamwa na deni na ghadhabu, akakimbilia kambi ya wamisionari, mtemi akataka atolewe, Luteni Shergold Smith, kwa kuona aibu kumtoa mtu aliyemkimbilia, akakataa. Mwezi wa Desemba mwaka huo Smith, mwenziwe O'Neill, Songoro na wengi wa watu wao waliuawa Ukerewe. Vitabu vya misheni huliandika tukio hilo katika daftari la mashahidi wa dini, na wamisionari wana haki ya kuwaombolezea watu wao. Lakini ukilitazama kutoka ufukoni, lilikuwa pia daawa ya mali, na mali yenyewe ni jahazi lililouzwa na mtu wa pili kwa mtu wa tatu kabla mtu wa kwanza hajaridhika.

Aliyeielewa hali hiyo upesi kuliko wenziwe alikuwa Alexander Mackay, Mskoti, mhandisi kwa elimu na seremala kwa mapenzi, aliyefika Kageye Juni 1878. Watu walimsihi asiende Ukerewe; alikwenda bila silaha, akakaa siku kadhaa kwa Lukonge, akasikiliza upande wa mtemi, akarudi salama. Kisha akaigeukia Daisy, ambayo aliikuta ufukoni imeharibika, mbao zake zimepasuka kwa jua na kuliwa na wadudu. Akaitengeneza, akaondoka nayo, lakini dhoruba ikaivunja ilipokuwa ikivuka. Huko ufukoni ilikotupwa, kwa kuwa hakuwa na mbao za kutosha kuiponya yote, aliikata kipande cha futi 8 katikati, akaitumia miti ya kipande hicho kuziba matundu ya sehemu nyingine, akaisogeza omo ikutane na tezi, ikawa mashua fupi yenye uzima.  Kwa mashua hiyo iliyofupishwa akafika Buganda Novemba mwaka ule.

Katika miaka hiyo hiyo, mbali kabisa na ikweta, palikuwa na biashara ambayo mfano wake hutufaa. Waingereza walipokwisha kuzifuta sheria zao za kale za ubaharia mwaka 1849, merikebu za matanga za Norway zilipata ruhusa ya kufanya kazi zilizokuwa zimefungiwa wageni, nazo zikawa zikipakia wahajiri, wakulima maskini na wake zao na masanduku yao, zikawashusha Québec, kisha katika ngama ile ile walimolala watu zikapakia magogo na mbao za Canada kuzipeleka Uingereza. Merikebu haikuweza kurudi tupu. Mtu na mti wakapokezana nafasi, na nauli ya mmoja ikapunguza gharama ya mwingine. Nyanza nayo ilikuwa na mapokezano yake, ila watu wake hawakuhamia ardhi waliyoahidiwa. Aghalabu walikuwa wakikimbia.

Mwaka 1882 mapadre wa Kifaransa wa shirika la White Fathers waliondoka Buganda pamoja na watoto waliokuwa wamewakomboa utumwani, wakavuka kuja kusini, na mwaka uliofuata wakajenga Bukumbi, kusini ya Mwanza, katika hori refu linaloingia barani. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipinduliwa, akatoroka kwa mtumbwi pamoja na vijana wake, akatua Magu kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, ambako ukarimu ulikuwa na sura ya kifungo, kisha akaponyoka akaenda Bukumbi kwa mapadre wale wale aliokuwa amewaonea. Oktoba mwaka huo huo wamisionari wa madhehebu zote mbili, Wakatoliki na Waprotestanti, walipakiwa katika mashua moja, Eleanor, wakafukuzwa. Njiani kiboko akaitoboa mashua kwa pigo moja, baadhi ya vijana waliokuwamo wakazama, na waliosalia wakafika kusini, Waprotestanti kwa Mackay, ambaye sasa alikuwa Usambiro, Wakatoliki Bukumbi. Naye Mwanga alirudi kuutafuta ufalme wake mwaka 1889 katika jahazi la Charles Stokes, Mwairish aliyeiacha misheni akashika biashara ya pembe na bunduki. Basi chombo cha ziwani kilichukua kabaka na yatima, padre na mfanyabiashara wa silaha, na wote walilipa kwa ngama ile ile kuwalowesha miguu.

Wakati huo Usambiro palikuwa karakana. Stanley alipopita hapo Agosti 1889 akirudi pwani pamoja na Emin Pasha, alimkuta Mackay katikati ya mashimo ya kupasulia mbao, magogo ya miti migumu yaliyokokotwa kutoka mbali kwa gari alilolitengeneza mwenyewe, na mtungi wa mvuke uliokuwa ukitayarishwa kwa mashua mpya. Mashua hiyo hakuimaliza. Alikufa kwa homa tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40.

Mvuke ulikuja kwa njia nyingine. Meli William Mackinnon iliteremshwa Kisumu mwaka 1900, reli kutoka Mombasa ikafika hapo mwaka uliofuata, na meli kubwa zaidi zikafuata upesi, hata ngozi, karanga na pamba za Mwanza, ijapokuwa nchi ilikuwa ya Wajerumani, zikawa zikitoka kwa njia ya Waingereza. Mtu angedhani chuma kimeumaliza utawala wa mti. Kumbe meli hizo zilichoma kuni, na palipokuwa na gati palikuwa na marundo ya magogo yakingoja tanuri. Reli ya Tabora ilipoingia Mwanza mwaka 1928, bado majahazi yalikuwa na kazi, kwa maana gari la moshi halifiki kisiwani, na meli haisimami kila mwalo. Ukara, kisiwa kidogo kilichojaa watu kuliko ardhi yake, ambako kila mti una mwenyewe, kimekuwa kikitoa watu wake miaka mingi kwenda Ukerewe na bara kutafuta mashamba, na watu hao hawakuwahi kuandikwa katika daftari la abiria wa meli yoyote. Walikwenda juu ya magunia na mbao, kama wahajiri wa Norway, wakiyapisha mawimbi.

Asubuhi moja, kabla umande haujakatika, nilikuwa ufukoni upande wa Mkuyuni, ambako chombo kimoja kilikuwa kimepandishwa juu ya magogo. Fundi alikuwa amekwisha kuutoa ubao uliooza karibu na mkuku, na mwanya ulioachwa ulionyesha tumbo la chombo lilivyo jeusi kwa ndani. Ubao mpya ulikuwa umelazwa mchangani, mweupe, na pembeni yake aliketi mtu aliyeuleta kutoka visiwani, mikono magotini, asiyesema neno. Fundi aliupima ubao, akauweka mahali pake, akautoa tena, akausugua ncha kwa tezo, akaurudisha. Lakini msumari hakuupiga. Nilipomwuliza anangoja nini, alimwelekeza kwa kidevu mwenye chombo, aliyekuwa anakuja taratibu akihesabu noti. Mtu wa visiwani alizipokea, akazihesabu mara ya pili, akasimama, akajipangusa mchanga. Ndipo nyundo ikaanza.