K iliyogeuka H

Ukishuka stendi ya Makambako na kuelekea Njombe, utasikia lugha mbili zikipishana njiani. Kiswahili huiita ile ya wenyeji Kibena; wenyewe husema Hibena. Hapo K imekuwa H. Siku moja darasani niliteleza nikasema "hitabu". Darasa zima likaangua kicheko: "Huyo wa kijijini!" Tangu hapo nikajifunza kunyamaza.

Haya, tukitazame Kiingereza, kile tunachokifanya kipimo cha usomi. Mwaka 1822 Mjerumani Jacob Grimm alieleza jinsi K ya zamani, iliyobaki katika Kilatini, ilivyokuwa H katika Kijerumani na ndugu zake, Kiingereza kikiwemo. Pembe kwa Kilatini ni "cornu", kwa Kiingereza "horn". Mia ni "centum", kwa Kiingereza "hundred". Njia ni ileile ya Hibena, ingawa lugha hizi hazina undugu wowote.

Na R je? Mwaka 1791 John Walker aliandika katika kamusi yake kwamba watu wa London hutamka "card" kama vile R haipo, A inarefushwa tu. Waingereza waliotutawala walikuja na tamko hilo. Ndiyo maana tunasema kadi, shati, nesi. R hatukuidondosha sisi, jamani. Tuliipokea ikiwa imeshadondoka.

Kwa hiyo Mwingereza akiimeza R ni msomi, ila mtoto wa Njombe akiteleza kwenye H ni mshamba? Mwacheni aseme.