Fernald: Kule Marekani ambako takataka ya Shinkolobwe ililala miaka 50

Wakaaji wengi wa Katanga wanajua kwamba uraniumu ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, iliingia katika bomu la Hiroshima mwaka wa 1945. Lakini takataka iliyobaki baada ya kusafisha madini ilienda wapi? Sehemu moja ilifika Fernald, jimbo la Ohio, si mbali na muji wa Cincinnati.

Kiwanda cha Fernald kilianza mwaka wa 1951. Kilitengeneza vyuma vya uraniumu kwa ajili ya reakta zilizotoa plutoniamu ya silaha. Jina lake rasmi lilikuwa na neno la Kiingereza linalotaja pia malisho, basi majirani wengine wakafikiri eti wanatengeneza chakula ya ng'ombe!

Masalio ya madini yetu yaliwekwa ndani ya matanki mawili makubwa ya beto. Madini ya Shinkolobwe yalikuwa makali kupita yote duniani, mengine yakifika 65 kwa mia, kwa hiyo hata masalio yalijaa radiyumu na kutoa gesi ya radoni. Wabelgiji walibakiza haki juu ya hiyo radiyumu, kwani siku zile ilikuwa na bei.

Mwaka wa 1984 watu walipata habari kwamba vumbi la uraniumu lilikuwa likitoroka, na kwamba visima vya nje ya kiwanda vilikuwa vimechafuka. Majirani, akina mama wakiwa mbele, walishitaki. Mwaka wa 1989 walikubaliwa dola milioni 78, pamoja na kupimwa afya kwa miaka. Mwaka huohuo kazi ikasimama.

Usafishaji uliisha mwaka wa 2006, kwa dola bilioni 4,4. Masalio ya matanki yalichanganywa na simenti, yakapakiwa ndani ya vyombo vya chuma na kupelekwa Texas. Udongo uliochafuka kidogo ulifukiwa palepale, chini ya tabaka za udongo mfinyanzi na plastiki. Leo ni pori la ndege na maziwa madogo. Hakuna ruhusa ya kujenga nyumba, na pampu zingali zinavuta maji ya chini ili kuondoa uraniumu.

Na Shinkolobwe yenyewe? Mwaka wa 2004 Rais alitoa amri ya kuifunga. Wachimbaji wadogo, waliokuwa wakitafuta kobalti, waliendelea kuingia. Mwezi wa saba mwaka huo shimo liliporomoka na kuwaua wengine wao.