Mizani ya Tisa na Wazanzibari wa Durban

Mwezi Agosti 1873 manowari ya Kiingereza, HMS Briton, iliwashusha Durban watu 113 waliokombolewa utumwani, wengi wao Wamakua, waliotoka Zanzibar. Kufikia 1880 waliofikishwa Natal walikuwa 508. Basi waliofuata kundi la kwanza ni 395.

Tuipime hesabu hiyo kwa mizani ya tisa, aliyoieleza al-Uqlidisi kwa Kiarabu huko Dameski mwaka 341 Hijria (952 Miladi). Tujumlishe tarakimu: 113 inatoa 5, 395 inatoa 17, yaani 8. Tano na nane ni 13, yaani 4. Nayo 508 inatoa 13, yaani 4. Mizani imelingana. Sababu yake ni nyepesi: 10 ni 9 na 1, 100 ni 99 na 1, tukiziondoa tisa zote, kila tarakimu hubaki yenyewe. Lakini karani akiandika 359 badala ya 395, mizani hii haimkamati, maana tarakimu ni zile zile.

Nambari ya kitambulisho ya Afrika Kusini, yenye tarakimu 13, inalindwa na kanuni kali zaidi, ya Hans Peter Luhn. Kuanzia kulia, kila tarakimu ya pili huzidishwa mara mbili. Jawabu likipita 9, tarakimu zake hujumlishwa. Jumla ya zote sharti igawanyike kwa 10 bila baki. Tarakimu ya mwisho imewekwa kwa kazi hiyo tu.

Hadi 1986 nambari hiyo ilibeba pia alama ya rangi ya mtu. Wazanzibari wa Kings Rest, kwenye mlima wa Bluff, walihamishiwa Chatsworth katika miaka ya 1960, wakaandikwa "Waasia Wengine". Serikali iligawa watu kwa makundi, na wazee wetu wakawa baki.

Hesabu ya nambari zile ilikuwa sahihi, ilhali Mmakua hakuwa Mwasia. Jumla ya tarakimu hutuambia kama nambari imenakiliwa sawasawa. Haituambii kama kilichoandikwa ni kweli. Kwa hiyo tunaziomba familia zenye karatasi za zamani: pimeni tarakimu, kisha muwaulize wazee majina, lugha na ukoo, na muyaandike kando ya nambari.