Mkombozi ni Ndugu: Imani ya Wakristu wa Pwani ya Tanganika Katika Mateso

Katika masali yetu ya kila siku tunamwita Bwana wetu Yezu Kristu kwa jina la Mkombozi. Tumezoea kulitamka jina hilo tangu utoto, hata pengine hatuulizi tena maana yake. Lakini mababu zetu wa pwani ya ziwa Tanganika walijua maana ya kukomboa hata kabla ya kusikia katekisimu. Kukomboa kulikuwa kurudisha kitu kilichowekwa rehani. Tena kulikuwa kumtoa mtu aliyeshikwa kwa vita au kwa deni, kwa kulipa bei yake. Kwao neno hilo lilikuwa na harufu ya kamba na ya minyororo.

Leo wakristu wengi wa mashariki ya Kongo wanauliza, na pengine wanatuuliza sisi tunaojitayarisha kwa upadri: Ikiwa Kristu ametukomboa, mbona tungali tunateswa? Tangu mwaka 1996 vita vimepita na kurudi katika Kivu. Watu wamekimbia vijiji vyao mara nyingi, wamezika watoto porini, wamerudi na kukuta nyumba zimechomwa. Swali lao si la utani. Wala haifai kumjibu mtu wa namna hiyo kwa maneno tuliyojifunza kwa moyo tu. Basi, tuangalie historia ya Eklezya katika pwani ile ile, tuone wale wa kwanza walimjuaje Mkombozi, na walimshikaje katika taabu.

I. Bei ya mtu

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 biashara ya watumwa ilikuwa imeharibu Manyema na inchi zote za kando ya Tanganika. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake, katika soko la Nyangwe, namna watu wenye bunduki walivyowapiga risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua. Waliokamatwa katika vita vya namna hiyo walipelekwa mashariki. Wengi walivushwa ziwa mpaka Ujiji, na toka huko walishika njia ndefu ya kwenda Bagamoyo. Wengi walikufa njiani.

Tuangalie vema jambo moja. Mtumwa ni mtu wa namna gani? Si mtu anayefanya kazi ngumu tu, maana hata mtu huru hulima katika jua. Mtumwa ni mtu asiye na ndugu. Ukoo wake umeuawa, au uko mbali, au hauna nguvu ya kumfuata. Mtu mwenye ndugu akishikwa, ukoo wake unakusanya mali, unakwenda kumkomboa. Asiye na mtu wa kumfuata ndiye anayeuzwa mbali. Kwa hiyo ukombozi, katika akili ya watu wetu, ulitaka vitu viwili pamoja: bei, na undugu.

Maandiko Matakatifu yanafundisha vivyo hivyo. Katika sheria ya Musa, Mwisraeli aliyejiuza kwa sababu ya umaskini alipaswa kukombolewa na ndugu yake wa karibu. Na Waebrania walikuwa na jina moja la kumwita ndugu huyo na mkombozi. Jina hilo ndilo alilolitumia Yobu katika mateso yake, alipoungama kwamba anaye Mtetezi aliye hai. Mali yake ilikuwa imepotea, watoto wake walikuwa wamekufa, rafiki zake walimshitaki. Naye alitumaini kwamba yuko Ndugu mmoja asiyemwacha.

II. Mapadri wafika ziwani

Mwaka 1878 Monsenyore Lavigerie, askofu mkuu wa Alger, alituma msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe katika Afrika ya katikati. Padri Pascal, aliyewekwa kuwa mkubwa wa misioni ya Tanganika, alikufa njiani mwaka ule ule. Wenzake walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Mwaka huo walianza misioni ya Rumonge, katika inchi ya Burundi. Kisha walivuka ziwa, wakakaa Masanze na Kibanga, katika sehemu ambayo leo ni ya Fizi. Mwaka 1885 walipokea Mpala na Karema, zilizokuwa vituo vya Wabelgiji.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa kukomboa. Walilipa nguo na shanga, wakawapokea watoto wengi, pengine wagonjwa mno. Watoto hao walikuwa wakristu wa kwanza wa pwani hii. Walipofundishwa kwamba Mwana wa Mungu alilipa bei juu yao, hawakuhitaji mfano wa kuelezwa. Kila mmoja alikuwa amekwisha kuona bei yake ikihesabiwa chini.

Lakini haikukawia, wakaona tena kwamba bei ya nguo haitoshi. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge, ulizuka ugomvi juu ya mtoto mmoja aliyekombolewa na kukaa misioni. Mapadri hawakukubali kumrudisha. Wakauawa watu watatu siku ile: Padri Deniaud, Padri Augier, na msaidizi wao D'Hoop. Hapo watu waliona tofauti kati ya mfanya biashara na mkombozi. Mfanya biashara akitishwa kwa mkuki huacha mali yake na kukimbia; yeye aliyekomboa kwa mapendo hawezi kumwacha yule aliyemkomboa.

III. Bei bila undugu

Historia ya kweli haifichi magumu. Kukomboa kwa mali kulikuwa na hatari zake. Kwanza, yeye anayenunua, hata kwa nia njema, anampa mwuzaji faida ya kurudi kuwinda wengine. Hata ukiwakomboa watu mia, huku njia za misafara zingali wazi, kesho wataletwa mia wengine. Ndiyo maana mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alisafiri Ulaya, akasema juu ya utumwa huko Paris, London na Bruxelles, ili mataifa yakate mzizi wa biashara ile. Na mwaka 1890 wakubwa wa serikali nyingi waliweka sahihi huko Bruxelles juu ya kuizuia.

Hatari ya pili ilikuwa ya ndani zaidi. Mtoto aliyekombolewa, akiwekwa katika kijiji cha misioni, akapewa shamba, sheria na bwana mpya, je, amekuwa huru kweli? Katika vijiji vile Mapadri walikuwa wakubwa wa roho na wa mwili pia. Walihukumu na kuamuru. Wengi walifanya hivyo kwa wema, maana inchi ilikuwa ya vita. Lakini mtu aliyelipiwa bei, na hakufanywa ndugu, anabaki na deni maisha yake yote. Ukombozi wake umefika nusu.

Nusu ya pili ilikuja polepole, kwa njia ya watu waliofanywa ndugu. Tutaje watatu. Wa kwanza ni Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibiwa na kuuzwa angali mtoto, akakombolewa na Mapadri huko Algeria. Alifundishwa uganga huko Malta, akapelekwa Karema. Kwa miaka zaidi ya sitini aliwauguza watu wa inchi ambayo si yake, akaoa kwao, akafa kwao mwaka 1956. Aliyekombolewa alikuwa mkombozi wa wengine.

Wa pili ni Kapteni Ludovic Joubert, Mfaransa, zamani askari wa Baba Mtakatifu. Alifika Mpala mwaka 1887 kuwalinda watu juu ya wawinda-watumwa. Bunduki zake zilikuwa chache, na shida zake nyingi. Lakini watu hawakumkumbuka juu ya bunduki tu. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa inchi hii, kwa ndoa ya Kikristu, wakazaa watoto. Hakurudi Ulaya kustarehe. Alifia hapa mwaka 1927, naye amezikwa katika udongo wetu.

Wa tatu ni Stefano Kaoze, wa Marungu. Alisoma katika seminari ndogo ya Mpala, na tarehe 21 Julai 1917 Monsenyore Roelens alimpa upadri huko Baudouinville, mji unaoitwa leo Moba. Alikuwa padri wa kwanza mzalendo wa Kongo katika nyakati hizi. Siku ile watu wa pwani waliona mtoto wa inchi anakinyanyua kikombe cha Damu ya Mkombozi. Hapo undugu ulidhihirika altareni.

IV. Wakombozi wa uongo

Wakati ule ule watu wetu walijifunza kwamba si kila ajitiaye mkombozi ni mkombozi. Serikali huru ya Kongo, iliyoanza mwaka 1885, ilijisifu mbele ya Ulaya kwamba inakuja kufuta utumwa. Ni kweli kwamba vita vya mwaka 1892 mpaka 1894 vilivunja nguvu za Rumaliza na wenzake. Lakini serikali ile ile na makompani yake ziliwatesa watu kwa kazi ya mpira. Katika Ekwateri kijana Isidore Bakanja, aliyebatizwa mwaka 1906, alipigwa fimbo vikali mno mwaka 1909 kwa amri ya mzungu wa kompani, kwa sababu hakukubali kuvua skapulari yake wala kuacha kusali. Vidonda vyake vilioza. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, akiisha kumsamehe mtesi wake. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 1994.

Baada ya uhuru watu wengi walichoka na udhalimu, nao Wasimba wa mwaka 1964 waliwaahidi uhuru wa pili. Wengi walioahidiwa waliona kifo tu. Basi tuone alama ya mkombozi wa uongo: anawalipisha wengine bei ya ukombozi wake. Anasema, «Nitawaokoa,» kisha damu inayomwagika ni ya maskini. Kristu alifanya kinyume. Bei aliilipa mwenyewe.

V. Baraka na Fizi, 1964

Sasa tunarudi katika pwani ya Masanze na Kibanga. Tarehe 28 Novemba 1964 gari la Wasimba lilifika misioni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin alikataa kuingia ndani yake, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha watu. Alitoka, akaambiwa aende nao. Hakukubali, akataka kufa karibu na mwenzake. Akauawa hapo. Jioni gari lilipanda mpaka Fizi. Padri Giovanni Didonè alifungua mlango, akapigwa risasi. Pamoja naye aliuawa Abbé Albert Joubert. Hao watatu wa kwanza walikuwa Wasaveriani kutoka Italia.

Na Abbé Albert ni nani? Alikuwa mtoto wa Kapteni Joubert na Agnes Atakaye. Alizaliwa mwaka 1908 katika inchi ya Moba, akapewa upadri mwaka 1935. Baba yake alikuja na bunduki kuwakinga watu. Mtoto alikufa bila silaha mkononi, akiwa padri katikati ya watu wa mama yake. Kazi iliyoanzishwa kwa nguo na shanga, yeye aliitimiza kwa damu. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Baba Mtakatifu, aliwatangaza wote wanne kuwa wenyeheri.

VI. Jibu gani kwa mwenye kuteswa?

Pengine mtu atasema: Hao waliuawa, basi Mkombozi wao alikuwa wapi? Tusimkaripie anayeuliza hivyo, maana hata Yobu aliuliza, na Mungu hakumhukumu juu ya kilio chake. Aliwakemea wale rafiki waliojifanya wajuzi wa siri zake.

Historia hii haituambii kwamba anayeamini hatateswa. Inatuambia jambo lingine. Mtumwa wa zamani hakuumizwa na kamba peke yake. Aliumizwa zaidi kwa kujua kwamba hakuna atakayemfuata. Siku aliyosikia kwamba yuko mtu anayemtafuta, hata kabla kamba haijakatwa, alianza kuwa mtu tena. Mwana wa Mungu hakutuma nguo wala shanga. Alitwaa mwili, akawa wa ukoo wetu, akatufuata mpaka katika kifo, na siku ya tatu akafufuka. Tangu hapo hakuna mtu anayeteswa akiwa hana Ndugu. Kumshika Mkombozi katika taabu ni kuushika undugu huo, hata siku ambayo macho hayaoni msaada wowote.

Kwa hiyo, ndugu zangu, atakapokuja mama aliyefiwa na watoto wake akituuliza swali lile, tusiharakishe kumfafanulia. Tukae naye kwanza, kama padri Carrara alivyokaa na mwenzake. Tusimame juu ya haki yake, wala tusishirikiane na wale wanaojitajirisha kwa damu ya wengine, hata wakituahidi ulinzi. Watu wa pwani ya Tanganika walimwamini Mkombozi kwa sababu waliona wengine wakikaa nao alipokuja mwenye mkuki. Nao walio leo katika kambi za wakimbizi watamwamini, ikiwa wataona kwamba sisi, tunaohubiri jina lake, hatukuondoka.